Kushuka melini na mizigo yako mwenyewe: jibu kwa msomaji mwenye ndege ya asubuhi

Swali: Mimi nina miaka 61 na mume wangu ana miaka 67. Goti lake la kulia lilifanyiwa upasuaji mwaka juzi. Anatembea vizuri, lakini ngazi bado zinamsumbua. Tunajiandaa kwa safari ya siku kumi kwa meli ya kitalii, na ni mara yetu ya kwanza. Siku ya mwisho meli inafika bandarini saa 12 asubuhi, na ndege yetu ya kurudi nyumbani inaondoka saa 5 na nusu. Tumesikia kwamba abiria anayebeba mizigo yake mwenyewe hushuka mapema kuliko anayewaachia wafanyakazi wa meli. Tunakusudia kwenda na masanduku mawili makubwa, mabegi mawili ya mgongoni na mkoba wangu. Je, tubebe wenyewe? Na tukibadili mawazo usiku wa mwisho, itakuwaje?

Jibu: Shikamoo, mama, na salamu zangu zimfikie mzee pia. Nitaanza na jibu kabla ya maelezo: kwa mizigo uliyoitaja, na kwa goti ulilolitaja, msibebe wenyewe. Hata hivyo, kwa kuwa bado hamjafunga mizigo, jibu hilo linaweza kubadilika, na ndiyo maana nimeona swali lako linastahili kujibiwa kwa urefu. Nimefanya kazi kwenye meli za abiria kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa mapokezi na kwenye mlango wa kushukia, na jambo ambalo ningependa kila abiria alijue kabla ya safari yake ya kwanza ni kwamba uamuzi wa kubeba au kutobeba haufanywi usiku wa mwisho melini. Unafanywa nyumbani, siku ile unapochagua sanduku la kuondoka nalo. Abiria aliyepanda meli na masanduku makubwa ameshaamua tayari, hata kama yeye mwenyewe hajatambua.

Utaratibu wa kawaida uko hivi. Siku moja au mbili kabla ya safari kuisha, mhudumu wa chumba huwaletea lebo zenye rangi na namba. Abiria anayeacha mizigo hufunga lebo kwenye kila sanduku na kuliweka nje ya mlango wa chumba chake usiku wa mwisho, kwa kawaida kabla ya saa 4 au saa 5. Kuanzia hapo wafanyakazi hupita korido moja baada ya nyingine, hukusanya masanduku, huyashusha kwa lifti za mizigo ambazo abiria hawazioni, na kuyapanga ndani ya vizimba vya chuma kwa kufuata namba za lebo. Meli ikishatia gati, vizimba hutolewa kwa magari ya kunyanyulia mizigo hadi kwenye ukumbi wa bandari, na masanduku husimamishwa sakafuni kwa makundi. Namba yako ikiitwa unashuka ukiwa na begi dogo tu, na unalikuta sanduku lako chini ya bango lenye namba ile ile.

Kazi hiyo huendelea usiku kucha, nayo ni kubwa kuliko abiria wengi wanavyodhani. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, huchukua watu 5,610 ikiwa kila chumba kina watu wawili, na zaidi ya 7,000 vitanda vyote vikijaa. Meli za wastani huwa na abiria 2,000 hadi 3,000. Wote hao hutakiwa kuwa wameshuka kufikia saa 3 au saa 4 asubuhi, kwa sababu mchana wa siku hiyo hiyo abiria wapya wanapanda, na kabla ya jua kuzama meli inang'oa nanga tena.

Anayebeba mwenyewe hukaa nje ya mpango huo. Masanduku yake hulala naye chumbani, na asubuhi, tangazo likitolewa, huondoka nayo. Sharti lake ni moja: kila kitu ulichokuja nacho unakibeba wewe, kwa mara moja, kutoka chumbani hadi nje ya ukumbi wa forodha. Msitegemee msaada wa wafanyakazi, na tafadhali msidhani ni kwa kukosa ukarimu. Mhudumu aliyewatunza kwa siku kumi ana vyumba vingi vya kusafisha kabla ya mchana, na kila mmoja wao asubuhi ile amepangiwa mahali pa kusimama.

Neno «mara moja» ndilo linalowakwaza watu. Huwezi kushusha begi, ukaliweka gatini, kisha ukarudi kuchukua jingine. Kadi yako ya chumba ikishasomwa na mashine ya mlangoni kwa mara ya mwisho, unaondolewa kwenye hesabu ya watu waliomo melini, na kurudi ndani si jambo la kuomba na kupewa papo hapo. Namkumbuka baba mmoja aliyefika mlangoni akiwa na masanduku mawili, akapitisha kadi, akashuka, akayaegemeza ukutani, kisha akageuka kurudi juu kumsaidia mkewe. Mlinzi alimzuia, kama alivyotakiwa. Mkewe alikuwa sitaha ya 8, yaani ghorofa ya nane ya meli, amekalia sanduku la tatu mbele ya lifti zilizokuwa zikifunguka zimejaa na kufunga zimejaa. Hakuwa na simu inayofanya kazi pale. Kila mmoja alimngoja mwenzake kwa karibu dakika arubaini, na nilipompata yule mama alikuwa akilia. Hawakuwa wamekosea kwa uzembe, walikuwa hawajaambiwa tu.

Sasa tuangalie saa, kwa kuwa ndiyo iliyokusukuma kuuliza. Ratiba inaposema meli inafika saa 12 asubuhi, maana yake ni kwamba wakati huo kamba zinafungwa gatini. Kutia gati si kushuka. Ngazi au daraja la kushukia lazima litolewe na kukaguliwa, nyaraka za meli zipitiwe, na maafisa wa uhamiaji na forodha watoe ruhusa. Bila ruhusa hiyo hakuna abiria hata mmoja anayeruhusiwa kuvuka, awe amebeba mizigo yake au hakubeba. Siku ikienda vizuri, wanaojibebea huanza kushuka kati ya saa 1 kasorobo na saa 1 na nusu, na makundi ya lebo hufuata hadi saa 3 na zaidi. Kwa hiyo ni kweli kwamba kujibebea kunaweza kukuokolea saa moja au mbili. Lakini muda huo hauko mikononi mwako, na wala hauko mikononi mwa nahodha peke yake. Katika bandari kama Galveston na Tampa, kule Marekani, ukungu wa miezi ya baridi unaweza kufunga njia ya kuingilia bandarini kwa saa kadhaa, na meli ikabaki nje ikingoja.

Hukutaja bandari mtakayoshukia, na hilo lina uzito mkubwa kuliko namna ya kubeba mizigo. Barcelona, kutoka gatini hadi uwanja wa ndege ni safari fupi ya teksi. Kutoka Civitavecchia, bandari inayohudumia Roma, hadi uwanja wa Fiumicino ni kilomita 60 na ushei. Kutoka Port Canaveral, Marekani, hadi uwanja wa Orlando ni kilomita 70 hivi, na kutoka Southampton, Uingereza, hadi Heathrow, uwanja wa London, ni zaidi ya 100, katika barabara ambayo asubuhi za siku za kazi huwa na msongamano. Tuchukue mfano wa bandari iliyo mwendo wa saa moja kutoka uwanja wa ndege. Mkiwa wa kwanza kushuka, saa 1 na robo, mkatoka ukumbini saa 2 kasorobo na kupata gari mara moja, mtafika uwanjani kama saa 3 kasorobo. Kwa ndege ya saa 5 na nusu mtakuwa na muda wa kutosha. Mkiacha mizigo na namba yenu ikaitwa saa 3, mtafika uwanjani saa 4 na nusu au baadaye, wakati kaunta za kupokea mizigo kwa safari nyingi za kimataifa zinafungwa au zimeshafungwa. Unaona, basi, kwamba tiketi yenu ya ndege imekatwa kwa namna inayowalazimisha kujibebea, ilhali mizigo mnayokusudia kuichukua inawakataza. Mgongano huo ndio wa kuutatua, na ni afadhali utatuliwe sasa.

Wapo wanaofikiri kuna njia ya katikati: masanduku makubwa waachiwe wafanyakazi, wao washuke mapema na mabegi ya mgongoni. Haiwasaidii kitu. Masanduku yatatoka kwa zamu ya namba yake, na wewe utayangoja ukumbini, umesimama, wakati ungeweza kungoja juu ukiwa umekaa. Wanaokwenda na begi la mgongoni tu ndio wanaofaidi kushuka mapema bila jasho.

Niseme sasa kuhusu njia yenyewe kutoka chumbani hadi gatini, kwa maana hapa ndipo goti la mzee linapoingia. Asubuhi hiyo lifti za abiria hulemewa. Fikiria watu mia kadhaa, kila mmoja na sanduku linalochukua nafasi ya mtu wa pili, wote wakitaka kwenda kwenye sitaha moja na kwa wakati mmoja. Lifti inayobeba watu kumi na wanne siku za kawaida hubeba sita. Kwenye sitaha za katikati mtu anaweza kubonyeza kitufe na kuona milango ikifunguka mara tano mbele ya lifti isiyo na nafasi. Wenye uzoefu huingia lifti inayopanda, wakazunguka nayo hadi juu na kushuka nayo, na hiyo ni mbinu halali. Ninachoomba ni kwamba mtu mwenye miguu mizima na begi jepesi atumie ngazi, kwa sababu kila asubuhi ya kushuka nimewaona watu wa viti vya magurudumu wakiachwa nyuma na lifti zilizojaa masanduku, na wao hawana njia nyingine.

Msipopata lifti, zinabaki ngazi. Kati ya sitaha moja na nyingine kuna vidato kumi na tano au zaidi kidogo. Chumba kikiwa sitaha ya 9 na mlango wa kushukia ukiwa sitaha ya 3, hesabu ni karibu vidato mia moja, kwenye zulia, katikati ya watu wenye haraka. Sanduku kubwa lililojaa hufikia kilo 23 kwa urahisi, kwa kuwa huo ndio uzito ambao mashirika mengi ya ndege huruhusu na watu hupenda kuufikia. Kushuka vidato mia moja na kilo 23 mkono mmoja, huku mkono wa pili ukishika reli, ni kazi nzito kwa kijana mwenye afya. Kwa goti lililofanyiwa upasuaji, kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa kuwa kila kidato uzito wote wa mwili hutua juu ya goti lililokunjwa, na sanduku la upande mmoja huuvuta mwili nje ya mizani. Kumwona mtu akianguka ngazini na mizigo yake siku ya mwisho ya mapumziko ni jambo ambalo sitaki kuliona tena.

Baada ya ngazi linakuja daraja lenyewe la kushukia. Katika bandari za kisasa mara nyingi ni njia iliyofunikwa, pana, yenye mteremko mpole, inayoingia moja kwa moja kwenye jengo. Kwingine ni ubao mrefu wa chuma wenye reli pande mbili na mataruma yaliyopigiliwa kwa kukingama ili viatu visiteleze. Mataruma hayo huokoa miguu lakini huyashika magurudumu madogo, hasa ya masanduku ya magurudumu manne: sanduku hukwama ghafla, mtu aliye nyuma hukugonga, na foleni nzima husimama. Mteremko wenyewe hubadilika na maji. Mediterania maji hayapandi wala hayashuki sana, lakini Southampton, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 4 hivi, na daraja lililokuwa karibu tambarare maji yakiwa yamekupwa huwa na mteremko mkali saa chache baadaye.

Jinsi ya kulivuka: sanduku la magurudumu manne usilitangulize mteremkoni, kwa sababu litakuvuta, wala usiliache liviringike nyuma ya visigino vyako. Lilaze kidogo liende kwa magurudumu mawili, liwe ubavuni, na mkono wa upande wa reli ubaki mtupu. Kwenye ngazi, ingiza mpini mrefu ndani, shika kile kishikio cha ubavuni, na liweke upande wa mbali na reli. Begi la mgongoni livaliwe mabega yote mawili. Mkoba unaoning'inia kwenye kiwiko ndio unaoteleza wakati mbaya, kwa hiyo mkoba wako, mama, uingie ndani ya begi au upite begani kwa mkanda mrefu.

Kama mngekuwa mbele yangu, ningewaomba mfanye jaribio moja nyumbani kabla ya kuamua lolote. Fungeni mizigo kamili, pamoja na viatu na vile vitu vya dakika ya mwisho. Kila mmoja abebe vya kwake vyote kwa mara moja, ashuke vidato ishirini akishika reli kwa mkono mmoja, asimame dakika kumi bila kuweka kitu chini, kisha apande vidato vile vile. Anayemaliza bila kubadilisha mkono na bila goti kulalamika anaweza kujibebea. Anayeshindwa hapo atashindwa melini, ambako kuna watu mbele na nyuma. Na jaribio lifanywe na kila mtu kwa mizigo yake, si mmoja akimbebea mwenzake, kwa sababu katika msongamano ule watu hutengana.

Mkitaka kulifaulu, badilisheni masanduku: kila mmoja sanduku moja la ukubwa wa kati lisilozidi kilo 14 au 15, na begi dogo la mgongoni. Kwa mzee ningependekeza hata chini ya hapo, yaani sanduku dogo linaloingia ndani ya ndege. Siku kumi melini hazihitaji nguo za siku kumi. Meli nyingi zina huduma ya kufua, na baadhi zina chumba ambamo abiria hujifulia wenyewe. Kinachojaza masanduku ni viatu na mavazi ya «huenda tukahitaji». Acheni pia nafasi ya kurudia, kwa sababu hakuna aliyewahi kushuka na mizigo myepesi kuliko aliyopanda nayo.

Hapo kuna jambo dogo linalowaharibia hesabu wengi. Chupa za vinywaji zilizonunuliwa katika bandari za njiani mara nyingi huhifadhiwa na meli, na hurudishwa kwa abiria jioni au asubuhi ya mwisho. Aliyeacha mizigo ameshafunga sanduku, kwa hiyo chupa zinabaki mkononi. Asipokumbuka kulifungua sanduku lake na kuzitia humo baada ya kulichukua ukumbini, akifika uwanja wa ndege hawezi kupita nazo ukaguzi, kwa kuwa vimiminika vya mkononi katika viwanja vingi havitakiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo. Anayejibebea ana nafuu kidogo hapa, kwa maana sanduku lake bado liko wazi chumbani, ila chupa mbili ni zaidi ya kilo mbili na nusu zilizoongezwa asubuhi ya ngazi mia moja.

Ukumbini, wanaojibebea hupita njia ile ile ya maafisa kama wengine. Katika bandari nyingi za Marekani kamera hulinganisha uso wa abiria na picha ya pasipoti, na foleni imepungua sana, ingawa asiye raia anaweza bado kuelekezwa kwenye meza ya afisa. Wekeni nafasi ya dakika za ziada. Msitoke na chakula cha melini, hata tunda moja mliloliweka mkobani kwa ajili ya njiani. Sheria za mimea na wanyama huwa kali bandarini, mbwa wa kunusa hawabagui, na kusimamishwa kwa sababu ya tufaha moja kunaweza kumla mtu ule muda wote aliouokoa kwa kubeba mizigo yake. Pasipoti, dawa, miwani, simu na betri za akiba zibaki mwilini au kwenye begi la mgongoni katika hali zote mbili. Dawa zisiingie kamwe kwenye sanduku linaloachwa koridoni.

Kuhusu goti, kuna mlango mwingine ambao hukuuliza. Meli hutoa msaada wa kiti cha magurudumu kutoka ndani hadi ukumbini kwa abiria anayeona ngazi au mwendo mrefu vinamshinda, na si lazima awe mlemavu kupewa. Ombi lipelekwe mapokezi mapema, angalau siku mbili kabla, na ikiwezekana litajwe wakati wa kuthibitisha safari. Fahamu tu kwamba anayesukuma kiti hana mkono wa kuburuta sanduku. Msaada huo huendana na kuacha mizigo, na katika ukumbi wa bandari nyingi kuna wachukuzi wanaochukua masanduku hadi kwenye magari. Wazee wengi huona haya kuomba kiti. Mwambie mzee kwamba mimi niliyesimama mlangoni nilifarijika kila nilipoona mtu amekiomba, kwa sababu nilijua huyo atafika chini salama.

Kwa hiyo, ningekuwa ndugu yenu, ningewashauri hivi. Kwanza ulizeni leo gharama ya kusogeza ndege hadi saa 7 mchana au baadaye. Ikiwa mnaimudu, isogezeni, acheni masanduku kwa wafanyakazi, ombeni kiti kwa ajili ya mzee, mnywe chai bila kutazama saa. Ikiwa tiketi haibadiliki, basi punguzeni mizigo kama nilivyoeleza na mfanye lile jaribio. Mkilifaulu, siku ya mwisho muwe mmeamka saa 11 alfajiri, mmevaa, na muwe karibu na lifti kabla tangazo la kwanza halijatolewa. Mkikosa kulifaulu na ndege ikawa haisogei, mweleze hali yenu mtu wa mapokezi siku tatu kabla. Meli nyingi huwapa lebo za namba za mwanzo abiria wenye ndege za asubuhi, wanachohitaji ni kuonyeshwa tiketi mapema, kabla namba hizo hazijagawiwa.

Kuna pia watu wanaojibebea bila kuwa na haraka yoyote. Hao hubaki na masanduku yao usiku ili wasihangaike kuyafunga mapema, kisha hushuka mwishoni, lifti zikiwa zimeanza kupumua. Kwa mwenye ndege ya jioni na sanduku jepesi, hiyo kwa maoni yangu ndiyo namna bora kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyotumiwa na wachache.

Mwisho umeuliza itakuwaje mkibadili mawazo usiku wa mwisho. Kutoka kuacha kwenda kubeba ni rahisi, mradi sanduku bado liko ndani ya mlango wenu: ondoeni lebo na mbaki nalo. Likishatoka koridoni na kuchukuliwa, limeshaingia kizimbani pamoja na mamia mengine na hakuna atakayelitafuta. Kutoka kubeba kwenda kuacha kunawezekana pia, lakini kunahitaji lebo, kwa hiyo chukueni lebo mtakapopewa hata kama mmeazimia kujibebea, na ziandikeni jina na namba ya chumba. Kabla ya kuliweka sanduku nje, toeni nguo na viatu vya kesho yake, vyote, pamoja na mkanda wa suruali. Kila msimu nimemwona angalau abiria mmoja akija mapokezi alfajiri akiwa na nguo za kulalia na ndara za bafuni, sanduku lake likiwa tayari chini kabisa ya meli. Na sefu ya chumbani iacheni wazi mkiisha kuitoa pasipoti, ili jicho la mwisho mtakalotupa kabla ya kufunga mlango lione kwamba ni tupu.